Ruhusa ya Msafiri

Nilishuka Mkoani na kisanduku cha chuma,
ndani mawe ya shaba, kila moja na kitanda chake:
kilo, nusu, robo, mpaka lile la gramu tano
ambalo ukilidondosha mchangani umeshalizika.
Kazi yangu kupima vipimo.
Nina muhuri, kitabu cha risiti,
na posho ya siku mbili.

Wete, chungu cha kumi na saba.
Mji unaumaliza kwa miguu kabla kiatu hakijapata joto.
Mgahawa umepandisha viti juu ya meza,
miguu hewani, kama mende waliokufa.
Niliyemuuliza njia hakunyoosha kidole.
Alishusha pazia la duka, akanishika mkono,
akanifikisha, akarudi,
na duka lake lilikuwa mwisho wa mtaa wa pili.

Kwa Shaame Khatibu niliweka jiwe la kilo.
Mshale ukapanda, ukasita,
ukasimama pungufu kwa gramu kumi na mbili.
Nikarudia. Kumi na mbili.
"Unajipunja mwenyewe," nikamwambia.
"Kila kilo unayouza imezidi."
"Tangu lini?"
"Mizani haisemi tangu lini."
Akacheka mpaka akakaa juu ya gunia.
"Basi iache hadi Idi, ami.
Watu wasije wakasema sukari ya Shaame
imepungua mwezi mtukufu."
Nikamwambia sheria haina upande.
Nikamwambia nitarudi asubuhi na bisibisi.

Saa nane jua lilinikaa kisogoni.
Msafiri ana ruhusa, hilo nalijua tangu chuoni,
lakini ruhusa haikunipa ujasiri.
Nilijibanza nyuma ya ukuta wa nyumba isiyoezekwa,
kati ya matofali na mpapai dume,
nikanywa chupa nzima, nikala biskuti nne
nikizivunja ndani ya karatasi zisilie.
Nilipoinua kichwa,
mtoto wa kike, mkoba wa skuli mgongoni,
ananitazama kama anayesoma ubao.
Hakukimbia. Alirekebisha ushungi wake, akapita.

Magharibi Shaame alinipitia kwa nguvu:
mgeni halali na njaa Wete.
Mkekani uji wa pilipili manga, muhogo wa nazi,
tambi, pweza, sahani ya tende katikati,
na upande wa pili wa tende,
ushungi uleule.
"Huyu Mize, kitinda mimba wangu.
Haya mgeni, saumu imekwendaje?"

"Alhamdulillahi," nikasema.

Neno lile si uongo.
Kweli pia si kweli.
Nina mawe kumi na moja kisandukuni
na hakuna hata moja la kupimia upungufu ule.

Adhana ikaanza. Mize akachagua tende iliyo nene,
akaniwekea kiganjani,
kisha akasogeza glasi mbele yangu, taratibu, isimwagike.
"Mgeni huyu anapenda maji," akasema.
Mama yake akacheka: na nani asiyeyapenda saa hizi!
Nami nikacheka, tende imenikwama.

Asubuhi bisibisi sikuitoa.
Kitabuni niliandika kwa wino wa serikali:
*Imezidi gramu kumi na mbili. Irekebishwe baada ya Idi.*
Nikatia sahihi. Nikanunua kilo ya sukari.
Shaame akanifungia kwenye gazeti,
akanyanyua mkono kunipungia
na pia, nafikiri, kuficha kicheko.
Mize alikuwa keshakwenda skuli.

Siku ile nimekwisha kuilipa.
Jumatatu moja ya Mfunguo Mosi, mvua inapiga bati,
Unguja, peke yangu, hakuna aliyeniuliza saumu imekwendaje.
Usiku nikatoa mawe yangu ya shaba
nikaipima ile sukari mezani.

Imezidi.
Bado iko kwenye kopo, sijaigusa.
Nakunywa chai kavu.